Trei ya Mayai

Nililinunua nina miaka hamsini na nane,
Selika ya milango miwili, nyekundu ya pilipili iliyosahauliwa juani,
na watoto wa Kiwira wakaniita Babu Mashindano.
Sikujali. Miaka thelathini nilipima mashamba ya chai
nikipanda nyuma ya pikapu za watu.

Lakini lilikuwa linapiga.
Siyo kuyumba, siyo kunesa kama godoro la gesti:
kupiga. Rasta za Isyonje zilinihesabu pingili
moja, moja, moja, kutoka kiunoni hadi kisogoni,
na kila tuta lilinifunga mdomo
kabla sijamaliza neno.

Nikaenda hospitali. Wakanipiga picha.
Daktari akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha,
akasema diski ya nne imechoka, ya tano inafikiria.
Vidonge, na mkanda wa kiuno.
Nikaenda kwa mafundi. Wa kwanza akasema matairi:
nikapunguza upepo. Wa pili akasema shokapu:
nikauza mtamba, nikafunga shokapu mpya nne,
na gari likazidi kunichukia.
Wa tatu akasema, mzee, magari ya spoti ndivyo yalivyo,
uzuri una adhabu yake.
Nikamlipa hata huyo.

Tusekile Mwambungu ana gereji ya mabati Uyole,
nyuma ya mashine ya kukoboa.
Hakuuliza gari lina nini. Aliuliza,
"Linagonga ukiingia kwenye shimo, au ukitoka?"
Miezi minane ya maumivu
na sikuwahi kuyasikiliza.

Akaikalia boneti, kona ya kushoto, kwa uzito wake wote,
akanyanyuka. Gari halikushuka. Halikupanda.
"Springi hairudi," akasema, "kwa sababu haikwenda."
Jeki. Tairi likaning'inia. Akaingia chini na tochi mdomoni,
nikasikia kucha zikikwangua chuma.
"Njoo. Na huo mgongo wako njoo nao."

Nikalala juu ya boksi, kando yake, saruji ikinipenya.
Springi zilikatwa.
Mizunguko miwili, kwa grainda,
na aliyekata hakujali hata kulainisha ncha.
Kijana fulani, nani ajuaye wapi,
alitaka gari liilalie lami kama chui anayenyemelea.
Tangu siku hiyo shokapu haina pa kwenda:
inashuka vidole viwili, inakutana na raba ya kuzuia,
na raba yenyewe ilishaliwa, imebaki unga,
mweusi kama ugoro kwenye kiganja chake.
"Hili halijabebwa na springi. Limekalia mifupa."

Nikaikumbuka ile picha dirishani.
Sikusema kitu.

Bushi nazo. Fundi wa shokapu alizikaza
tairi likiwa hewani, raba ikashika umbo la hewani;
ukilishusha gari chini inajikunja,
inakaa imenuna kutwa nzima.
Akazilegeza zote, akalishusha, akazikaza upya
gari limesimama kwa miguu yake.
Pesa ya kazi hiyo hakuitaka.

Springi za mtumba zilifika kutoka Tunduma wiki ya tatu,
ndani ya gunia la viazi, na viazi vitatu vikiwamo.
Gari likainuka. Likawa na kimo cha mtu mzima,
halimtishi yeyote.
Watoto wa Kiwira walinung'unika.

Jumamosi mke wangu, Ndimbumi, alinunua trei ya mayai Uyole,
akaipakata mapajani, akausukuma mkanda wangu wa hospitali
chini ya kiti.
"Haya. Tuone."
Ukungu, rasta, wauza viazi, rasta,
tuta lisilo na alama.
Gari lilimeza, likapumua, likameza.
Nilikuwa nikimweleza habari za bushi
na nikafika mwisho wa sentensi.

Nyumbani tulihesabu juu ya meza.
Ishirini na nane mazima. Mawili yamepasuka.
"Haya," akasema, akiyatenga kwa ajili ya jioni,
"ni ya barabara."