Sifuri Mbili Mbili

Nimekodi namba ya Dar, riyali nne kwa mwezi.
Inalia hapa Ruwi, ghorofa ya pili,
juu ya cherehani za Mbaluchi.
Mteja akiona tisa sita nane
anaogopa salio.
Akiona sifuri mbili mbili, mimi ni jirani.

Leo kapiga Bi Mwanakheri wa Magomeni,
ataka rejeta ya Noah, ya mtumba, isiyovuja.
Tukapatana bei. Kisha:
"Na huko kwenu inanyesha?"

Nje vumbi, nyuzi arobaini na nne.
Kiyoyozi kinadondosha tone, tone, juu ya bati.
"Inanyesha," nikasema.

"Basi kijana wako asije leo.
Jangwani hakupitiki, maji tele."

Nikaandika kwenye daftari, kando ya bei:
Jangwani, maji.