Kukamilisha Mraba

Umeme ulikatika Keko Magurumbasi
mashine ya randa ikiwa katikati ya ubao wa mninga.
Mwajabu, kidato cha tatu, akaja na daftari,
tochi ya simu ikimmulika kidevu.
"Baba, swali hili linakuhusu."

Nikasoma. Kweli linanihusu:
fundi anatengeneza stuli x kwa siku;
gharama yake, kwa maelfu ya shilingi,
ni x mara x, toa kumi na sita x, jumlisha tisini na nne.
Atengeneze ngapi ili gharama iwe ndogo kabisa?

Nani kampelekea mwalimu habari zangu?

Mimi niliishia la saba. X ninayoijua
ni ile ninayoichora kwa chaki juu ya ubao mbovu
Pazi asije akaupitisha msumenoni.
Lakini gharama naijua mpaka jina la ukoo.

Weka sifuri, nikamwambia. Siku kama ya jana.
Akapiga hesabu: tisini na nne.
Ndiyo. Kukaa bure hakujawahi kuwa bure.
Gundi inaganda koponi, vijana wanataka cha mchana,
na mwenye fremu hana habari na giza.

Basi weka kumi na sita, tukeshe.
Akaandika, akafuta, akaandika tena.
"Tisini na nne ileile!"
Alicheka. Mimi sikucheka.
Nilikumbuka ile zabuni ya shule,
stuli mia mbili kwa wiki mbili,
kidole cha Pazi ndani ya bendeji,
mbao zilizokatwa kwa usingizi zikawa kuni,
na mwisho wa kazi nikabaki na nilichoanza nacho,
yaani madeni.

Nikachomoa penseli sikioni, nikavuta kipande cha plaiwudi.
Nne: arobaini na sita.
Kumi na mbili: arobaini na sita.
Zinashuka mbili mbili, moja huku, moja kule,
kama bawaba za mlango mmoja,
na mstari unalegea katikati
kama kitanda cha kamba kilichozeeka.
Pa kulegea zaidi ni wapi?
Fundi hahitaji futi kujua kati ya ubao.
Nikapima uzi toka sifuri hadi kumi na sita, nikaukunja.
Nane.

"Mwalimu hataki uzi, baba.
Anataka tukamilishe mraba."

Akanionyesha, taratibu, kama mimi ndiye mwanagenzi.
Nusu ya kumi na sita, nane.
Nane mara nane, sitini na nne.
Unaikopa sitini na nne kwenye tisini na nne,
mraba unatimia pembe zote,
na nje yake inabaki thelathini.
X toa nane, yote mara yenyewe, jumlisha thelathini.

"Sasa angalia. Ukizidisha stuli moja, umekosea kwa moja.
Ukipunguza moja, umekosea kwa moja.
Kosa likijizidisha lenyewe halitoki hasi.
Dogo kuliko yote ni sifuri,
na sifuri inapatikana penye nane tu."

Akapiga mistari miwili chini ya jibu.
Stuli nane. Elfu thelathini.

Mimi nilikuwa bado naitazama thelathini.
Miaka kumi na tisa naitafuta nilipokosea:
nimebadili gundi, nimebadili misumari,
nimeacha chai ya saa nne, nimemgombeza mama yake kwa mkaa.
"Na hii? Hii tunaitoaje?"

"Hiyo haitoki, baba.
Hata ukipatia kila kitu, hiyo ipo.
Hiyo siyo kosa la mtu."

Akafunga daftari. Sikupata la kusema,
nikawa napangusa vumbi la mbao
mahali pasipo na vumbi.

Saa tatu na nusu usiku taa zikawaka,
randa ikanguruma na ubao wake mdomoni.
Ukutani stuli tano, zimepinduliwa, gundi mbichi.
Tano ni thelathini na tisa, nilihesabu mwenyewe, kimoyomoyo.

"Pazi," nikaita, "bado tatu.
Ya tisa usiiguse."