Chupa Tatu

Jana usiku nilikata shingo za chupa tatu,
nikazipindua, midomo ikazama tumboni.
Ndani nikatia maji ya muwa yaliyochacha
na siki kidogo, nyuki wasiingie:
nyuki wa Butere wana mwenyewe.

Nikazitundika mperani, mbali na meza.
"Umealika hata nyigu?" mavyaa akacheka.
Naam. Nao wana karamu yao.

Mwaka jana, chini ya turubai hili hili,
shemeji Opembe aliumwa ulimi
katikati ya hotuba. Alisema "Ndugu zang—"
tukala kuku angali wa moto.

Leo shwari. Hakuna apungaye leso,
hakuna mtoto anayelia,
sufuria ya mrenda imekaa wazi bila woga.
Opembe amesimama.
Amefika mwaka wa sabini na tisa,
kifungua mimba wake bado hajazaliwa.
Mchuzi unaganda.

Naitazama chupa ya kati: nyigu mmoja
anapanda ukuta, anateleza, anapanda.
Nainuka taratibu,
kama aendaye kuleta chumvi.