Mshenga wa Jivu

Mize Shaame alirudi Konde na cheti cha kemia.
Hakuomba kazi ofisini. Aliomba kumvi.
Kwenye mashine ya mpunga wakacheka:
kumvi, kuku huzichakura mara moja akaziacha,
chukua, mama, chukua na gunia letu.

Akazichoma pipani nyuma ya kibanda changu,
mimi mziba pancha, mjomba wake.
Siku ya kwanza jivu jeusi. Ya pili, kijivu.
Ya tatu likatoka jeupe kama poda ya mtoto,
jepesi, ukilipigia chafya limehama mtaa.
"Hili," akaniambia, "ndilo litakalofanya tairi lishike lami ya masika."
Nikamwambia mpira hutiwa masizi,
tangu nizaliwe tairi ni jeusi.
"Masizi yanunuliwa ng'ambo, mjomba. Kumvi tunazo."

Utomvu aliupata shambani, umeshaganda,
wanuka kama maziwa yaliyosahauliwa safarini.
Tukaukanda kwenye rola mbili za chuma,
mimi nazungusha mpini, yeye anamwaga jivu,
na jivu likakataa.
Likajikunyata mafumba mafumba
kama watu wa kuumeni waliofika harusini
wakakaa upande mmoja, wanazungumza wao kwa wao,
biriani inapoa.
Jivu lapenda maji. Mpira wapenda mafuta.
Ukivilaza kitanda kimoja, kila kimoja huelekea ukuta wake.
Hilo sikuhitaji cheti kulijua.

Tairi la kwanza tulilivika pikipiki ya Faki Tumu.
Lilifika mteremko wa Mtambwe likapasuka mabegani.
Faki akarudi kwa miguu, pakacha la karafuu kichwani,
akatutukana kwa utaratibu, jina kwa jina.

Ndipo Mize akaagiza chupa ya kahawia,
si kubwa, kiasi cha chupa ya asali;
bei yake sikuitaja nyumbani.
Akalirowesha jivu, akalipasha moto polepole,
na kibanda kizima kikanuka pombe.
Mwezi wenyewe Shaabani.
Bikombo wa jirani akapitisha pua dirishani:
"Msellem, ndiyo mwaanza haya, uzeeni?"
"Ni dawa," nikasema. "Ikilishika jivu huachia harufu hiyo."
Akaondoka anavuta uradi. Hajaniamini mpaka leo.

Mize akanichorea kwa chaki ubavuni mwa tairi bovu
kijitu chenye mikono miwili.
Mkono huu walishika jivu, hauachi.
Mkono huu una kiberiti, nao wangoja
tanuri lipande moto, ndipo uushike mpira.
"Basi huyo ni mshenga," nikasema.
Akanyamaza. Akapangusa chaki kwenye kanga,
akaliandika neno langu daftarini.

Safari hii jivu liliingia mpirani
kama chumvi mchuzini: hulioni, walijua.

Faki hakutaka. Tukamnunulia petroli.
Masika nzima akapanda Mtambwe, akashuka Mtambwe,
lami inateleza kama mgongo wa pweza,
naye anafunga breki makusudi mbele ya skuli
watoto wamwone anavyosimama.
Sikumsifu. Kila Ijumaa baada ya sala
nachomeka njiti ya kibiriti kati ya meno ya tairi,
natia alama kwa ukucha.

Nilipomwoa Zuwena, mshenga wangu alikuwa Hamad Mkasi.
Alipeleka maneno, akaleta majibu,
akala kuku, akavishwa kilemba, akaenda zake.
Mwaka wa nne, tulipoanza kuelekea kuta,
hakuna aliyekumbuka kumwita.

Huyu wa Mize haendi zake.
Ameivia humo humo, kati ya jivu na mpira,
hana kilemba, hakula kuku,
na kila kona Faki anapoilaza pikipiki
ni yeye anayeshikilia pande zote mbili.

Au ndivyo nisemavyo. Tairi bado jipya.
Njiti ninayo mfukoni; kiangazi nacho kina lami yake.
Ijumaa ijayo nitapima tena.