Lilikuwemo

Pasua, nyuma ya mashine ya kusaga,
kibanda cha Mbonea kina luninga mbili,
moja ina mstari wa kijani usiofutika.
Dakika kumi, shilingi mia mbili.
Unga unatua kwenye pedi; tunaupuliza, tunacheza.

Katika gereji ya gemu magari yamepangwa,
na mwisho kabisa, kivuli cheusi chenye kufuli.
Shinda mbio mia tano, yasema maandishi.
Tulipiga hesabu kwa mkaa ukutani:
laki moja kamili,
kodi ya chumba chetu miezi mitatu na ushee,
na hapo hujashindwa hata mara moja.

Ndelilio ndiye aliyesema halijafungwa.
Ndelilio, fundi simu wa Kiborloni,
aliyeishia kidato cha tatu,
alikuja na kompyuta iliyong'oka herufi M.
"Limo," akasema. "Limo ndani ya diski
tangu siku ilipotoka kiwandani.
Hatuliibi. Tumeambiwa tu halipo."

Nikaukumbuka mlima wetu mwezi wa nne:
wiki tatu mawingu, huoni hata ukucha wa Kibo,
na hakuna mtu wa Moshi aulizaye kama umehama.

Usiku akachomeka flashi.
Tarakimu zikamwagika kama ulezi wa gunia lililopasuka,
akazichambua kama bibi na ungo wake,
mstari kwa mstari, midomo ikinong'ona,
mpaka akaikuta sifuri aliyoitaka.
Akaifuta. Akaandika moja.
Ndiyo hiyo tu. Laki yote ile ilikaa
kati ya sifuri na moja.

Kivuli kikapata rangi ya fedha.
Watoto kumi na wawili hawakupumua.

Tulipolitoa barabarani ndipo tukaona:
waliolitengeneza walilitelekeza njiani.
Ndani hamna viti. Hamna mikono kwenye usukani,
na usukani wenyewe hamna.
Magurudumu yamezama kwenye lami kiasi cha kidole.
Na mlio, hakuna. Linapita
kama paka juu ya bati.

Mbonea akacheka: "Umechakachua hewa, fundi."
Ndelilio hakujibu. Aliikodolea skrini
kama mtu aliyefungua barua ya mwenzake.

Ndipo Kanaeli, miaka saba, mtoto wa muuza vitumbua,
ambaye hajawahi kushika mia mbili iliyo yake,
akaanza kuunguruma.
Kwanza chini, gia ya kwanza.
Gia ya pili akatema mate.
Wenzake wakadaka: huyu breki, huyu honi,
yule tairi linalochuna lami kona ya kushoto.
Gari likapata mlio.
Likayapita yote matano.

Umeme ulikatika mzunguko wa mwisho.
Giza, unga, jasho,
na hakuna aliyezima injini.
Ndelilio, pedi mkononi,
alikata kona isiyoonekana na mtu,
na Mbonea, mhesabu dakika,
alisahau kusema muda umekwisha.