Pini Saba

Natandika shuka jeupe dirishani, upande wa Kuze,
saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali
likaanza kudanganya rangi.
Hapo vitu husema kweli:
chetezo kinaonyesha kutu,
deli ya kahawa mdomo wake uliolika,
saa ya ukutani inakiri ilikufa saa nne na robo,
haikumbuki ni ya mchana au ya usiku.

Napiga picha. Juu, chini, ubavuni,
na sarafu ya shilingi ishirini kando
ili mtu wa mbali ajue ukubwa.
Kisha naandika:
*Kijaluba cha tambuu, shaba, bawaba moja haipo.*
*Mrashi, fedha, umebonyea shingoni.*
*Harufu ya marashi bado imo.*
Huu wa mwisho nikaufuta.
Harufu haisafirishwi, na mnunuzi akiikosa
atadai pesa zake.

Jumanne Bi Khuleita alinijia na bakuli,
kalificha ndani ya buibui
kama mtu aliyeiba kwake mwenyewe.
Kauri, maua ya samawati,
paka angelala ndani akajikunja.
"Twaha mwanangu, niuzia. Lakini nikwambie mapema,
lina aibu."
Akaligeuza.

Mgongoni, pini saba za shaba
zimeushona ufa toka ukingoni hadi kitakoni,
kama mshono wa mwanamke aliyepasuliwa akapona.

"Lilivundika siku ya harusi ya mamangu.
Fundi Jethalal alikaa barazani kutwa nzima
na keekee yake ya uta,
mamangu akimtilia chai, akihesabu kila tundu.
Ndivyo alivyonihadithia.
Tangu hapo lakaa kidakani, uso kwa wageni, ufa kwa ukuta.
Miaka sitini na mitatu
hakuna aliyeuona mgongo wake."

Nusura nimwambie tupige uso peke yake.
Nikaikumbuka ile sahani ya Machi,
nilivyousahau ufa mwembamba kama unywele
(kusahau, basi tuseme hivyo),
ikanirudia na maneno yake.
Nikapiga mgongo. Pini zote, moja moja.
Bei ya kuanzia nikaweka yuro kumi na tano,
nayo kwa kuona haya.

Siku nne, kimya.
Ya tano, mtu wa Utrecht, alama yake paka mwenye jicho moja,
akauliza: pini ni za kale kweli? Nani alizipiga?
Nikamjibu nilivyoambiwa, na chai nikaitia.
Saa mbili baadaye, arobaini.
Mwingine, sijui wa wapi, sitini na tano.
Dau lapanda, na si la tanga hili,
halina nahodha, halina hata maji.

Dakika za mwisho stima ikapotea Kuze nzima.
Simu, asilimia sita.
Bi Khuleita kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
miwani ncha ya pua, akizitazama tarakimu
kama mtu asikilizaye kesi yake
katika lugha ya watu.
Mia tatu na kumi. Kwisha.

"Hawakuuona ufa?"
"Wameuona, Bi. Ufa ndio walioununua.
Lingekuwa zima, ningekupa ishirini."

Akavua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena.
"Mamangu kafa akilionea haya," akasema,
"na kumbe kuna watu..."
Hakumaliza, wala sikumsaidia.

Leo nafunga. Gazeti, pamba, boksi ndani ya boksi,
maana Posta hawana huruma.
Yeye kanisimamia. Pesa kazitia mkobani bila kuhesabu.
Kidakani, anasema, pamebaki duara jeupe,
kaweka sahani ya melamini, haikai.
Nilipolilaza, mgongo juu,
pini zisigandamizwe,
akanishika mkono.

"Ligeuze.
Wakifika nalo, walifungue watakavyo.
Njiani lende na stara yake."

Nikaligeuza.
Juu ya boksi, kwa wino mwekundu, nikaandika:
*Huvunjika.*