Mizani Kumi

Nilikuwa na miaka tisa, mstari wa pili,
gauni jipya la Maulidi likinikwaruza shingo.
Maalimu akainua kidole, chuo kizima kikanyamaza:
"Wewe, Muzna. Wewe tingisha midomo tu."

Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayesogeza kiti.
Nami nikatingisha midomo
miaka arubaini.

Ndiyo maana nikashika pembe.
Harusi za Langoni, na za Mkomani nilikoalikwa,
vugo nimelipiga mimi, muulize yeyote.
Pembe ya nyati hulia ko, ko-ko, ko,
na nyuma ya mlio huo mwanamke anaweza kujificha
mzima mzima, na buibui lake, na cherehani yake, na madeni.
Watu wa Amu husema: Muzna ana mkono.
Hakuna aliyewahi kuuliza koo liko wapi.

Sasa Nuswaiba anaolewa, Alhamisi,
na somo yake amegawa kazi kama anayegawa sahani:
mstari wa kwanza ni wa mama wa biarusi.
Peke yake. Bila pembe.
*Nipani ndia, mwana apite.*
Mizani kumi. Nimezihesabu, zimemaliza vidole vyote.
Usiku nimezihesabu tena, huenda zimepungua.

Mwalimu wangu ni Thureya, ana miaka ishirini na miwili,
nilimshonea sare ya darasa la kwanza, ikampwaya.
Huja baada ya laasiri, huvua viatu, hunipeleka bafuni,
kwa kuwa birika, anasema, lina huruma:
ukilipa sauti mbovu hukurudishia iliyo afadhali.
"Fungua kanwa, mama. Si hivyo.
Hivyo ni mtu anayeonyesha jino bovu."
Pumzi itoke hapa, anasema, ananigusa chini ya kitovu,
palepale penye kovu alikotolewa Nuswaiba.
"Puliza kama unayewasha makaa,
usipulize kama unayezima mshumaa."
Makaa nayajua. Hilo nililielewa.

Siku ya kwanza nilitoa upepo.
Siku ya tatu nilitoa kitu, nikakohoa kukifunika.
"Hicho!" akaruka Thureya. "Hicho ulichokifukia, kirudishe."
Siku ya sita nilipofika kwenye *ndi*,
pale sauti inapotakiwa kupanda ngazi,
punda wa Shee Kombo akanijibu kichochoroni,
tukacheka mpaka nikakaa juu ya ndoo.
Nilipojifuta machozi na kuanza upya, *ndi* ikapanda yenyewe.
Sikuiona ikipita. Niliisikia iko juu tayari.

Mikono ndiyo inayonisumbua. Haijui pa kukaa.
Nikiimba hujipiga mapajani, inatafuta kijiti.
"Iache," anasema Thureya. "Itachoka."

Leo hakuja, mamake hajambo kidogo tu.
Nikaingia bafuni peke yangu, nikatia komeo,
nikasimama mbele ya birika na visamaki vyake viwili
vinavyokula viluwiluwi vya mbu na kutomsengenya mtu.
Nikasema bismillahi.

*Nipani ndia*

Upande wa pili wa ukuta Bi Shamsa alikuwa akikuna nazi.
Mbuzi ikanyamaza.

Amesikia.
Miaka arubaini ikaja ikakaa juu ya ulimi.
Bomba likadondosha tone, likadondosha jingine.
Nikamwona maalimu, Mungu amrehemu, akiinua kidole,
na kucha yake ya hina, na ile pete.
Lakini pumzi ilikuwa imeshaingia,
na pumzi ikishaingia haina pa kukaa milele

*mwana apite*

nyembamba, imepinda kidogo mwishoni,
kama pindo nililolishona umeme ukikatika.
Ila imefika. Zote kumi.

Kimya.
Nikashika ukingo wa birika.
Halafu mbuzi ikaanza tena, polepole,
kru, kru-kru, kru,
ikasita,
ikinisubiri.